Makofi Mawili Kasrini

Aibu ikinipata na inipate, ukweli nitausema: mama yangu sikumkatia tiketi. Nilimpitisha mlangoni kama mtu anayepitisha furushi lake, viatu vyake nikavisukuma chini ya meza yangu, nikampachika kwenye kundi la wageni wa saa nne. Na mimi ndiye mkali wa sheria kuliko wote pale. Nimewahi kumrudisha bwana mmoja mwenye suti na walinzi wawili kwa sababu eti yeye havui viatu. Nikamwambia, baba, hata mfalme mwenyewe alivua, wewe nani? Siku hiyo sheria yangu niliikunja nikaitia mfukoni.

Kazi yangu kasrini ni viatu. Sakafu ya mle ndani ni mbao za zamani, zinang'aa mpaka unaona meno yako, na mgeni haruhusiwi kuzikanyaga na viatu vya barabarani. Anavua kwangu, nampa kibati chenye namba na makubazi ya kitambaa laini, viatu vyake navipanga kwenye rafu. Akitoka anarudisha kibati, namrudishia vyake. Watu hucheka wakisikia hiyo ni kazi ya kulipwa. Wacheke. Rafu ile ndiyo roho ya usalama wa jumba zima, maana vyumba ni hamsini na kitu na hakuna mlinzi anayeweza kuvikagua vyote. Rafu ikiwa tupu, kasri ni tupu. Kila siku jioni mhifadhi, bosi wetu, huja mezani kwangu na kuuliza neno moja: "Rafu?" Nami namjibu: "Tupu." Ndipo mlango mkubwa unafungwa. Miaka kumi na tisa tumefanya hivyo.

Mama nilimleta kwa sababu sikuwa na pa kumwacha. Binti yangu ndiye hukaa naye mchana, na siku hiyo alikuwa na mtihani chuoni. Peke yake mama haachiki tena. Kumbukumbu zimeanza kumtoka. Wiki moja kabla ya hapo aliwasha jiko akaenda kulala, na jirani ndiye aliyeona moshi. Nikajiambia, saa mbili tu, atembee na wageni, aone vitu vizuri, kasri lenyewe Ijumaa hiyo linafungwa saa sita mchana, turudi wote nyumbani. Nilijiona mjanja kweli.

Nieleze mama ni mtu gani, kwa sababu nilidhani namjua. Alikuwa mfuaji nguo. Alifua nguo za watu kwa miaka arobaini, akanisomesha kwa sabuni na maji, na vidole vyake mpaka leo havinyooki. Baba alifariki sijaanza kutambaa. Ndugu sina. Si mtu wa maneno mama, ukimwuliza kabla ya kufua nguo alifanya nini, anasema, "Nilifanya kazi kwa watu." Watu gani? "Watu tu." Na nilipopata kazi kasrini nikamwambia njoo mama ujionee, kuna siku ya familia za wafanyakazi, bure kabisa, alikuwa anakataa. "Nyumba kubwa nimeshaziona," anasema, na kugeukia ndoo yake. Nilikuwa nakasirika. Nikafikiri mama anaidharau kazi yangu.

Siku hiyo hakukataa. Labda hata hakujua tunakwenda wapi. Alivaa gauni lake la bluu, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule.

Kundi la saa nne liliongozwa na mwongozaji tunayemwita Kasuku. Jina hilo hakulipewa bure: hotuba yake ni ileile kila siku, vichekesho ni vilevile, hata pale anapojifanya amesahau neno, huwa amelisahau palepale. Nikamvuta pembeni. "Yule mama wa gauni la bluu ni wangu. Mwangalie."

"Ondoa shaka, dada," akasema. "Mama yako ni mama yangu."

Kutoka mezani kwangu sauti ya Kasuku naisikia mpaka kwenye ushoroba mrefu, na pale ndipo anapopapenda. Ukutani kuna mlango ambao huwezi kuuona usipoonyeshwa, umepakwa rangi ileile ya ukuta. Nyuma yake kuna vichochoro vyembamba vinavyozunguka jumba zima, chini na juu, na ngazi zake humohumo ndani ya kuta. Watumishi walipita humo. "Mabibi na mabwana!" anasema Kasuku. "Mfalme hakupenda kumwona mtumishi. Alipotoka chumbani, mtu alitangulia mbele yake akipiga makofi mawili. Pa! Pa! Na kila mtumishi atoweke ukutani! Ukionekana, kesho huna kazi. Wengine wanasema kesho huna kichwa!" Wageni wanacheka, wanapiga makofi, wanaingiza vichwa mlangoni wanatoa. Kila siku hivyohivyo. Siku hiyo pia nilisikia makofi na vicheko nikaendelea kupanga viatu.

Saa tano na nusu kundi lilitoka. Watu arobaini, wote wanataka viatu kwa pamoja, huyu kibati chake kimepotea, yule anasema makubazi yamembana. Wa mwisho alipoondoka nikainua uso kumtafuta mama. Mama hayupo.

"Si alitangulia?" akasema Kasuku. "Baada ya ushoroba sikumwona tena, nikajua amerudi kwako."

"Umejua wewe ni nani, mpiga ramli?" nikamwuliza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga kelele. Sikupiga. Nilifikiria tiketi ambayo sikukata, nikamfikiria mhifadhi, nikasema nitamtafuta kimyakimya, atakuwa chooni. Nikamkataza Kasuku asiseme, nikampeleka akaangalie bustani. Mimi nikaenda vyooni, hakuna. Chumba cha kulia, hakuna. Chumba cha kitanda cha mfalme, nikachungulia mpaka uvunguni, hakuna. Nikatoka nyuma kwenye zizi la farasi la zamani, nikaita kwa sauti ndogo, "Mama, mama," kama mwizi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi methali hiyo nilikuwa nawaambia wengine.

Sijasema kwa nini kasri lilifungwa saa sita. Ilikuwa siku ya mchwa. Mchwa walikuwa wamezila mbao za ndani ya kuta, na mafundi wa dawa walikuja na mitungi mikubwa na mipira mirefu. Dawa yao si ya kupuliza kama ya mbu. Ni hewa. Wanaziba kila mlango na kila tundu kwa karatasi na gundi, wanaijaza ndani ya vile vichochoro vya ukutani, wanaondoka mpaka Jumatatu. Mkuu wao, mzee mmoja mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alitukusanya asubuhi akatuambia: "Hii haina rangi. Harufu yake utaisikia umeshachelewa. Ukiivuta robo saa, husimulii." Tulitikisa vichwa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Narudi kutoka zizini nasikia mngurumo. Nikafikiri ni lori. Nikakunja kona ya veranda, nikawaona vijana wawili wenye barakoa za mpira wanabandika karatasi kwenye madirisha ya upande wa mashariki, na mpira umeingizwa ukutani, unatetemeka.

Sijui nilipiga kelele gani. Fundi mkuu alisema baadaye alidhani nimeumwa na nyoka. Nilikimbia mpaka kwenye mtungi nikaushika kwa mikono yote miwili. "Zima! Zima! Mama yangu yumo ndani!"

Alizima. Mhifadhi akaja mbio, karatasi ya ruhusa mkononi, uso umemsawijika. "Yumo ndani vipi, dada? Nimepita mezani kwako. Hukuwepo, lakini rafu nimeiona kwa macho yangu. Tupu kabisa. Nikatia sahihi."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakuniuliza, kwa sababu ya kuniamini. Nikaenda mezani, nikainama, nikavitoa viatu vya mama. Vyeusi, kisigino kimelika upande mmoja. Nikavishika mbele yake. Nilitaka anitukane, walahi, anizabe hata kofi. Yeye aliikunja ile karatasi yenye sahihi yake. Alivitazama tu vile viatu. Barua ya kusimamishwa kazi ilikuja wiki iliyofuata na sina ugomvi nayo.

"Dakika ngapi zimepita?" nikamwuliza fundi.

"Nne. Upande wa mashariki, chini." Alikuwa ameshawaamuru vijana wake wavunje karatasi na kufungua madirisha. "Lakini madirisha yanasaidia vyumbani. Mle ukutani hakuna dirisha. Na dawa hii, dada, inapanda. Akiwa chini ana nafuu. Asiende juu."

Kasuku alishafika, anahema, tukasimama wote kwenye ushoroba mbele ya ule mlango wa ukutani. Fundi akamulika tochi: kichochoro, giza, kona. Akaita. Kimya. Nikamwambia, "Masikio yake mazito. Pigeni makofi, makofi anayasikia." Ni mimi niliyesema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Kasuku akapiga. Pa! Pa!

Tukasikia. Ndani ya ukuta, si mbali, makubazi yakiburuzwa haraka haraka juu ya mbao. Nikafurahi, nikasema Mungu mkubwa, anakuja. Lakini sauti haikuja. Ilikuwa inakwenda.

"Piga tena," akasema mhifadhi.

Pa! Pa! Na miguu ikakimbia. Mama yangu, ambaye nyumbani namshika mkono kumpeleka msalani, alikuwa anakimbia gizani ndani ya ukuta. Tukaisikia miguu ikianza kupanda ngazi.

"Anatukimbia," akasema fundi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anakwenda juu."

Kasuku kwa kihoro akainua mikono apige mara ya tatu. Na hapo, sijui niseme nini, niliona sebule yangu mwenyewe. Nikamwona mama mbele ya televisheni, mpira unaonyeshwa, watu wanashangilia, na mama anainuka pole pole na kwenda jikoni. Siku ya mahafali ya sekondari ya binti yangu watu walipiga makofi na mama tukamkuta amesimama nyuma ya pazia. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Bibi anaogopa makofi! Nikamshika Kasuku vifundo vya mikono, nikavibana mpaka akaguna.

"Usipige! Usipige tena, nakuomba!" Nikamgeukia mhifadhi. "Alifanya kazi hapa. Mama alikuwa mtumishi wa humu. Anatoweka."

Watu tu. Nilifanya kazi kwa watu tu.

Barakoa zilikuwa mbili. Moja akavaa fundi, moja akanivalisha mimi, akaikaza mpaka masikio yakauma. Alitaka nibaki, nikamwambia atapita juu ya maiti yangu. Tukaingia. Kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba mabega yangu yaligusa kuta mbili kwa pamoja, na ngazi zilikuwa za mbao zilizoliwa, ukikanyaga vibaya unasikia zinalalamika. Nilikuwa naogopa dawa, naogopa ngazi, lakini zaidi naogopa ule ukimya. Mtu aliyefundishwa kutosikika anaweza kufa bila kusikika.

Tulipofika juu njia ikagawanyika mara tatu. Nikaita ndani ya mpira, "Mama, ni mimi!" Ilitoka sauti ya zimwi. Hata ningekuwa mimi nisingejibu. Nikaivua ile barakoa. Fundi akanikamata mkono, nikaukung'uta.

"Mama! Ni mimi mwanao! Mjukuu wako anakuita!" Kimya. Harufu ilikuwepo, nyepesi, tamu tamu, kama tunda lililoanza kuoza. Niite nini? Mtu aliyejificha hivi huitwaje atoke? Kasuku hajui, hotuba yake inaishia kwenye kutoweka. Hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza walirudije.

Nilipokuwa mdogo, mtu akibisha hodi kwetu, hata akiwa jirani wa kuomba kiberiti, mama alikuwa ananiingiza chumba cha ndani. Kimya, usicheze, usikohoe. Mgeni akishaondoka, anagonga mlango mara tatu kwa kifundo cha kidole na kusema neno moja. Nilidhani mama wote hufanya hivyo.

Nikagonga mbao mara tatu. "Kweupe," nikasema.

Hakuna kitu. Nikameza mate, koo limeanza kuwasha. Nikagonga tena. "Kweupe!"

Upande wa kushoto, nyuma ya kona, kidole kikagonga mara moja.

Alikuwa kwenye shimo la ukutani, upana wa mtu mmoja, ameupa ukuta uso. Kichwa kitupu, mvi zake nje. Kitambaa chake cheupe alikuwa amekikunja, amekibeba kifuani kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili amekiweka juu yake, amekibana. Gauni lilikuwa limelowa chini. Alikuwa anatetemeka mwili mzima bila kutoa sauti hata kidogo.

"Mama."

Hakugeuka. Alisema kwa kunong'ona, akiuambia ukuta, "Dada, hajalia. Umesikia mwenyewe, hajalia."

"Nani, mama?"

"Usiniseme, dada. Bibi yake amekufa, sina pa kumwacha. Nikimwacha chumbani atalia, watamsikia. Humu halii. Nikimziba kidogo tu halii. Ni wa kike, ana akili, ana miezi mitano ameshajua." Akakibana kile kitambaa zaidi. "Wakimwona watatutoa wote."

Mimi nilizaliwa mwaka mmoja kabla ya mfalme kuondoka nchini. Nami ndiye mtoto wake pekee. Nikasimama mle gizani, nikahisi kile kiganja kama kiko kwenye mdomo wangu.

"Tutoke," fundi akanguruma ndani ya mpira wake. "Tutoke sasa hivi!"

Nikamgeuza mama taratibu, nikamvisha barakoa yangu. Akaivua. Nikamvisha tena. Akaivua kwa hasira, mama ambaye sijawahi kumwona na hasira, akaikandamiza juu ya kitambaa, akaniwekea vyote mikononi. "Mtoto kwanza," akasema. "Mbebe wewe, dada, miguu yangu imekufa ganzi. Mshike shingo."

Basi nikambeba. Nikaishika shingo. Fundi alitutazama, akavua barakoa yake mwenyewe, akamvalisha mama kwa nguvu kabla hajapinga, akambeba mgongoni. Tukashuka hivyo, mimi na yule mzee tukikohoa kama mbuzi, machozi yanatoka, naye anatukana kila ngazi kwa jina la mama yake.

Walitulaza kwenye nyasi za bustani. Daktari alisema baadaye kwamba kifua cha mama kiko salama kuliko changu. Lakini pale kwenye nyasi tulikuwa hatujui, na mama alikuwa ameshakaa kitako, mkono ameunyoosha. "Mlete."

Nikampa. Akatoa barakoa, akafunua kitambaa ncha moja, akafunua ya pili, akafunua yote. Akakipindua. Uso wake ulivyogeuka siwezi kuusimulia, nitaomba mtu asinilazimishe. "Yuko wapi?" akasema. "Dada, yuko wapi? Nilimbana sana? Nilimbana?"

"Mama, ni mimi. Ni mimi huyo."

Akanitazama. Akazitazama mvi zangu, akanishika kidevu kwa vile vidole visivyonyooka, akanigeuza uso huku na huku kwenye jua.

"Na hukulia?" akauliza.

"Sikulia, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akapumua. Akanifuta midomo kwa kile kitambaa, pole pole, pembe hii na pembe hii. "Basi lia, mwanangu," akasema. "Wameondoka."

Nikalia, mbele ya mhifadhi na Kasuku na mafundi wote wa dawa, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.